Ushindi Mnono wa Siku ya Kwanza: Kitenzi Kipi Kinaustahili?

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo ambalo kila mpenzi wa michezo hulisikia redioni lakini ni wachache wanaolichunguza: namna Kiswahili kinavyosimulia ushindi mkubwa, hasa ule unaopatikana siku ya kwanza ya mashindano. Tumechagua mfano wa hapa nchini. Tarehe 16 Mei 2021, katika ukumbi wa Kigali Arena, ambao tangu mwaka 2022 unaitwa BK Arena, ilichezwa mechi ya kwanza kabisa katika historia ya Ligi ya Afrika ya Mpira wa Kikapu, inayojulikana zaidi kwa kifupisho cha BAL. Patriots ya Kigali ilicheza na Rivers Hoopers ya Port Harcourt, Nigeria. Mchezo ulipomalizika, Patriots ilikuwa na alama 83 na Rivers Hoopers alama 60.

Swali letu ni hili: mwanafunzi wa Kiswahili akipewa matokeo hayo ayatangaze, aseme nini? Patriots iliishinda Rivers Hoopers? Iliifunga? Iliichapa? Iliigaragaza? Iliinyeshea mvua ya vikapu? Sentensi zote hizi zina sarufi safi, lakini hazina uzito mmoja. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi sarufi bila kumfundisha kupima uzito amefanya nusu ya kazi.

Jambo hili si la mzaha. Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na miongoni mwa wanafunzi wetu wamo watakaosoma habari redioni, watakaoandika magazetini na watakaofundisha shuleni. Habari za michezo ndizo zinazosikilizwa na vijana wengi zaidi. Kwa hiyo Kiswahili cha michezo ndicho wengi wao watakachokichukua kuwa Kiswahili chenyewe.

Mechi yenyewe kwa ufupi

BAL iliundwa kwa ushirikiano wa NBA, yaani ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, na FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Ilikuwa ianze Machi 2020 mjini Dakar, lakini janga la korona likaiahirisha. Ilipoanza mwaka uliofuata, timu 12 zilikusanywa Kigali na mechi zote zikachezwa katika ukumbi mmoja. Timu hizo ziligawanywa katika makundi matatu ya timu nne nne, ikimaanisha kwamba kila timu ilikuwa na mechi tatu tu za makundi.

Katika kikosi cha Patriots alikuwamo J. Cole, msanii maarufu wa muziki wa rap kutoka Marekani. Siku hiyo alifunga alama 3. Vyombo vingi vya habari vya nje viliandika zaidi kuhusu alama hizo 3 kuliko kuhusu alama 80 zilizofungwa na wenzake. Hapo tayari tunaona kwamba habari ya mchezo haiandikwi na matokeo peke yake. Huandikwa pia na mtu anayechagua kipi kiwekwe mbele.

Alama 23 ni nyingi kiasi gani?

Kabla ya kuchagua kitenzi, msimulizi hana budi kujua hesabu. Tofauti ya 83 na 60 ni alama 23. Mtu aliyezoea kandanda anaweza kushtuka, kwani katika kandanda hata tofauti ya mabao matano ni habari kubwa. Lakini katika mpira wa kikapu kila mtupo unaoingia huleta alama moja, mbili au tatu, na alama huongezeka kila dakika. Ili timu iliyo nyuma kwa alama 23 ianze kuongoza, inahitaji vikapu nane vya alama tatu tatu au vikapu kumi na viwili vya alama mbili mbili, huku mpinzani akiwa hafungi chochote. Mchezo una dakika 40, kwa hiyo Patriots ilijiongezea, kwa wastani, zaidi kidogo ya alama moja ya tofauti katika kila dakika mbili.

Huo ni ushindi mkubwa. Timu iliyoshindwa haikukosa bahati tu katika dakika za mwisho, bali ilizidiwa. Hata hivyo, Rivers Hoopers nayo ilifunga alama 60, na haikukaa uwanjani ikitazama. Mtangazaji anayesema kwamba Rivers "haikuona ndani" amekosea hesabu kabla ya kukosea lugha.

Tulinganishe na mfano wa Tanzania. Agosti 2023 Yanga ilianza msimu wake wa Ligi Kuu kwa kuifunga KMC mabao 5 kwa bila. Hapa aliyeshindwa hakupata kitu. Msimulizi anayo ruhusa ya kutumia maneno mazito zaidi, kwa sababu sifuri katika kandanda ni ukuta: upande mmoja umepata vyote na mwingine haukupata hata chembe.

Mzizi mmoja, kazi nyingi

Tunapofundisha unyambulishaji wa vitenzi, mara nyingi tunatumia "piga", "pika" na "soma" mpaka wanafunzi wakasinzia. Mechi moja ya ufunguzi inatosha kufundisha somo zima kwa mzizi -fung- pekee. Tazameni:

Kufunga: kutia mpira langoni au kikapuni. "Patriots ilifunga alama 83."

Kufungwa: kuwa upande ulioshindwa. "Rivers Hoopers ilifungwa." Kitenzi hikihiki humhusu mtu aliyetiwa gerezani, lakini mfungwa ni wa gerezani tu. Timu iliyofungwa haiitwi mfungwa.

Kufungia: kufunga kwa faida ya fulani. "J. Cole aliifungia timu yake alama 3." Lakini angalieni kauli ya kutendwa: "mchezaji amefungiwa mechi mbili" maana yake amezuiwa kucheza. Kiambishi kimoja kimemtoa mtu katika sifa kikamtia katika adhabu.

Kufungana: kila upande kuufunga mwenzake. "Timu zilifungana mabao mawili kwa mawili."

Kufungisha: kusababisha timu yako ifungwe, kama kipa anayeuachia mpira mikononi. Kitenzi hikihiki ndicho anachokitumia kiongozi wa dini anayefungisha ndoa.

Kufungua: kinyume cha kufunga. Kutokana nacho tunapata "mechi ya ufunguzi" na "kufungua dimba".

Mwanafunzi akitunga sentensi moja tu, "Patriots ilifungua mashindano kwa kuifunga Rivers Hoopers", atakuwa ametumia mzizi mmoja mara mbili kwa maana mbili zinazopingana. Hapo somo la kauli ya kutendua halihitaji tena maelezo marefu.

Vilevile vichwa vya habari hufundisha wakati usiodhihirika vizuri kuliko vitabu vingi vya sarufi. "Patriots yaichapa Rivers Hoopers" ina kiambishi cha ngeli "i" na kiambishi cha wakati "a", vikaungana kuwa "ya". Kisha ikafuata "i" ya yambwa, inayosimama badala ya Rivers Hoopers. Wanafunzi wengi huiandika "yachapa" bila yambwa, na msomaji huachwa akijiuliza nani amechapwa. Kuhusu upatanisho, jina la timu huchukua ngeli ya I-ZI: Patriots ilishinda. Lakini tukisema "vijana wa Patriots", tunarudi kwa watu: walishinda. Kuchanganya njia hizo mbili katika sentensi moja ni kosa tunalokutana nalo kila muhula.

Ngazi za vitenzi vya ushindi

Sasa turudi kwenye uzito. Tumevipanga vitenzi vya ushindi katika ngazi tatu kwa ajili ya darasa. Mpangilio huu ni wa kufundishia, wala si sheria.

Ngazi ya kwanza ni ya vitenzi visivyo na rangi: kuishinda timu, kuifunga, kuibuka na ushindi, kupata ushindi. Vinafaa kwa matokeo yoyote. Msomaji huambiwa nani kashinda, na hesabu husemwa na tarakimu zenyewe.

Ngazi ya pili ni ya vitenzi vyenye mkono: kuilaza timu, kuibwaga, kuichapa, kuinyuka. Humo mna taswira ya mieleka au fimbo. Kuilaza na kuibwaga hutumika hata kwa ushindi mwembamba wa bao moja, kwa sababu aliyeangushwa ameanguka, awe ameangushwa kwa nguvu au kwa ujanja. Kuichapa na kuinyuka huhitaji tofauti inayoonekana.

Ngazi ya tatu ni ya vitenzi na mafumbo ya wingi: kuitandika, kuigaragaza, kuibugiza mabao, karamu ya mabao, mvua ya mabao. Haya hayaendi na bao moja kwa bila. Kubugiza ni kumjaza mtu kinywa mpaka ashindwe kumeza, na mtu hawezi kubugizwa punje moja. Karamu nayo huhitaji sahani zaidi ya moja.

Kwa vipimo hivi, 83 kwa 60 iko wapi? Kwa maoni yetu ipo katika ngazi ya pili, na mguu mmoja umekanyaga ya tatu. "Patriots yaichapa Rivers Hoopers" inatosha. "Yaigaragaza" inakubalika kwa mwandishi mwenye furaha ya nyumbani. "Yaibugiza vikapu" inakosa ukweli, kwa sababu aliyebugizwa alikuwa naye akibugiza. Mabao 5 kwa bila ya Yanga yanastahili ngazi ya tatu bila ubishi.

Linganisheni pia kivumishi chenyewe. Kiswahili husema "ushindi mnono", kama anavyosemwa ng'ombe aliyeshiba. Wanafunzi wengine huandika "ushindi unono", wakidhani kwamba kila neno linaloanza na "u" hupewa kivumishi cha "u". Sivyo. Nomino za aina hii huchukua kivumishi chenye "m": ushindi mkubwa, ushindi mnono, ushindi mwembamba.

Mitego ya mwanafunzi wa Rubavu

Wanafunzi wetu wengi wana Kinyarwanda kama lugha ya kwanza, na baadhi wamelelewa karibu na Kiswahili cha Goma. Kila lugha ina msaada wake na mtego wake.

Mtego wa kwanza ni kitenzi "gutsinda". Katika Kinyarwanda kitenzi hiki humaanisha kushinda mchezo, kumshinda mpinzani, kufunga bao na hata kufaulu mtihani. Kwa hiyo mwanafunzi husema "mchezaji alishinda bao mbili" akikusudia "alifunga mabao mawili". Katika Kiswahili bao hufungwa na mechi hushindwa au hushindaniwa, lakini bao halishindwi. Aidha, "kushinda" ya Kiswahili ina maana nyingine ambayo "gutsinda" haina: kukaa mahali mchana kutwa. "Timu ilishinda uwanjani" inaweza kueleweka kwamba ilipata ushindi hapo, au kwamba ilikuwapo hapo tangu asubuhi hadi jioni.

Mtego wa pili ni hesabu. Wanyarwanda husema "bitatu ku busa" kwa tatu bila, na "ubusa" ni hali ya kutokuwa na kitu. Kiswahili sanifu husema "matatu kwa bila" au "matatu bila majibu", na Kenya utasikia pia "kwa nunge". Tarakimu ya mwisho nayo lazima ipatane na nomino: alama themanini na tatu, lakini mabao themanini na matatu, na vikapu themanini na vitatu. Msomaji wa habari aliyezoea kuona tarakimu tu kwenye karatasi hujikwaa hapa mbele ya wasikilizaji wote.

Mtego wa tatu ni upatanisho wa watu katika Kiswahili kinachosemwa mitaani upande wa Goma, ambamo "ba-" huchukua nafasi ya "wa-". "Balibapiga" ni usemi wenye uhai na historia yake, wala hatumfundishi mwanafunzi kuuonea haya. Tunamfundisha kujua ni wapi pa kuutumia na ni wapi pa kusema "waliwapiga".

Na msaada upo. Mwandishi wa michezo wa Kinyarwanda, akitaka kusema timu imeshindwa vibaya, hutumia "kunyagira". Kitenzi hicho ndicho kinachotumika mvua inapomnyea mtu akaloa chapachapa. Kiswahili nacho kina "mvua ya mabao". Lugha hizi mbili zimekutana kwenye taswira ileile, na kwa mtu wa Rubavu, anayejua mvua za milimani na za kando ya Ziwa Kivu, haihitaji kufafanuliwa. Mwalimu aanzie hapo, kwa kitu ambacho mwanafunzi anacho tayari, kisha amwongoze kwenda kwenye asichokuwa nacho.

Maneno ya damu

Tumefika kwenye sehemu ambayo mara nyingi huachwa. Magazeti ya michezo ya Kiswahili hupenda sana maneno ya vita na mauaji. Timu "yaua", timu "yachinja", timu "yaangamiza". Mpira uliopigwa kwa nguvu ni "kombora" au "mzinga". Dar es Salaam au Mombasa msomaji hucheka akaendelea na chai yake.

Hapa kwetu maneno hayo yana wasikilizaji wengine. Nchi hii ilipitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Gisenyi na Goma ni miji iliyogusana, na mpaka wa nchi mbili umepita katikati yake. Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, makombora yalianguka upande huu wa Rubavu na watu wakafa. Katika darasa lenye vijana wa pande zote mbili za mpaka, "kombora" si lazima liwe tamathali ya usemi.

Hatusemi maneno hayo yafutwe kamusini. Lugha haina kosa kwa kuwa na neno, na mwanafunzi anayesoma magazeti ya Tanzania na Kenya lazima ayaelewe. Tunachosema ni kwamba kuelewa neno na kulichagua ni mambo mawili. Kiswahili kimebarikiwa vitenzi vingi vya ushindi visivyomwaga damu, kiasi kwamba mtangazaji wa Rubavu anayesema "yachinja" hawezi kujitetea kwa ufukara wa lugha. Anayo chapa, bwaga, laza, nyuka, tandika, garagaza. Badala ya "kombora" anaweza kusema "shuti kali", na kila mtu atamwelewa.

Baadhi ya wenzetu wanasema tahadhari hii itaufanya mchezo upoe. Tunawajibu kwa mfano wa mvua. "Mvua ya mabao" ina moto kuliko "mauaji", na hakuna msikilizaji anayezima redio kwa sababu yake.

Siku ya kwanza na siku zinazofuata

Kuna kipimo kimoja zaidi: uzito wa siku ya kwanza katika msimu mzima. Katika BAL ya mwaka 2021, mechi ya ufunguzi ilikuwa theluthi moja ya mechi za makundi za Patriots. Katika Ligi Kuu ya Tanzania yenye timu 16, mechi ya kwanza ni moja kati ya 30. Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ambako siku ya ufunguzi husherehekewa kama sikukuu, ni moja kati ya 162. Timu ya besiboli iliyoshinda kwa kishindo siku hiyo imekula punje moja ya gunia.

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele, na ngoma huendelea. Yanga, baada ya mabao yake matano dhidi ya KMC, ilimaliza msimu wa 2023/24 ikiwa bingwa. Patriots ilikuwa na safari nyingine. Ilifika nusu fainali, na huko US Monastir ya Tunisia ikaichapa 87 kwa 46. Kisha ikapoteza mechi ya kutafuta nafasi ya tatu mbele ya Petro de Luanda ya Angola. Ubingwa ulikwenda kwa Zamalek ya Misri, iliyoifunga Monastir 76 kwa 63 tarehe 30 Mei 2021.

Mwandishi aliyekwisha kusema tarehe 16 Mei kwamba Patriots "imeangamiza" angebakiwa na neno gani la kusimulia tofauti ya alama 41 siku 13 baadaye? Maneno makubwa ni kama akiba. Aliyeyamaliza siku ya ufunguzi hana ya kutumia siku ya fainali.

Mapendekezo kwa darasa

Tunapendekeza mazoezi matatu mepesi. Kwanza, mwalimu aandike ubaoni matokeo matatu, yaani 83 kwa 60, 5 kwa bila na 1 kwa bila, na wanafunzi watunge kichwa cha habari kwa kila moja bila kurudia kitenzi. Kila mmoja aeleze kwa nini amechagua alichochagua.

Pili, wanafunzi waandike habari ya mechi ileile mara mbili: mara ya kwanza kwa wasomaji wa upande ulioshinda, mara ya pili kwa wasomaji wa upande ulioshindwa. Ukweli usibadilike hata tarakimu moja. Watagundua wenyewe kazi ya kauli ya kutenda na ya kutendwa. Katika mwaka wa mashindano ya ligi ya Rwanda, mechi za Etincelles na Marine, timu zetu za Rubavu zinazochezea Uwanja wa Umuganda, zinafaa sana kwa zoezi hili, kwa kuwa darasani hapakosi mashabiki wa pande zote.

Tatu, wanafunzi wakusanye kutoka redioni maneno ya ushindi kwa juma moja, wayapange katika ngazi, kisha waulize wazazi wao nyumbani ni yapi yanayowakera. Majibu ya wazazi yaletwe darasani na yajadiliwe kwa heshima.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na tunadhani methali hii inamhusu pia msimulizi: aliyeshindwa ni mshindani, si maiti. Walimu watakaofanya mazoezi haya tunawaomba watuletee orodha zao ofisini. Tukipata za kutosha tutazichapisha katika toleo lijalo, pamoja na vitenzi ambavyo sisi hatukuvitaja.